Kabla hujanunua friji ya kuchachishia bia, pima kwanza: mwongozo wa kupoza ndoo yako hapa Nairobi

Swali hili naulizwa kila mara na watu wanaoanza kupika bia nyumbani, "ninunue friji gani ya kuchachishia?" Na mimi nikimuuliza mtu, sasa hivi bia yako huchacha kwa digrii ngapi, ananyamaza. Hajapima. Yuko tayari kutoa pesa ya friji na hajui kama anaihitaji. Kwa hivyo nimeamua kuandika yote hapa, kuanzia mwanzo, usome polepole kabla hujaenda dukani.

Mimi mwenyewe bia yangu ya kwanza ya mwezi wa Februari niliipikia Umoja, nyumba ya ghorofa ya mwisho, juu ni mabati. Jioni ya siku ya pili niliweka kiganja kwa ndoo nikahisi vuguvugu, kama kikombe cha chai kimesahaulika mezani, nikaweka themomita ikasema 29. Wiki kadhaa baadaye nikafungua chupa ya kwanza na harufu iliyotoka ni ile ya rangi ya kucha. Rafiki yangu alikunywa glasi moja na nusu akaamka na kichwa kinamgonga. Lita 20 zikaenda kwa sinki, na kimea chenyewe, ile shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, nilikuwa nimekitafuta mwezi mzima. Iliniuma sana, na ndiyo maana sitaki ikupate.

Kitu kimoja tu uelewe halafu twende kazini. Hamira ikila sukari inatoa joto lake yenyewe. Ndoo ya lita 20 ya bia ya kawaida ikichacha, joto lote linalotoka lingetosha kuipandisha karibu digrii 10 kama lisingepata pa kutokea, na kwa sababu linatoka kidogo kidogo kupitia kuta za ndoo, utaona bia iko juu ya chumba kwa digrii 2 mpaka 5. Sehemu kubwa ya hilo joto inatoka siku tatu nne za kwanza, na hapo ndipo ladha mbaya huzaliwa. Wazee wa muratina waliweka kibuyu karibu na moto kwa sababu walitaka joto, asali na maji inapenda hivyo. Sisi na bia ya shayiri tunatafuta kinyume chake.

Jambo la sheria nalo nilitaje mapema: haya yote ni ya bia ya kunywa wewe na watu wako. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inahitaji leseni, kwa hivyo isome kabla hujaanza, na usithubutu kuuza hata chupa moja bila leseni.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Ndoo yako ya kuchachishia yenyewe, ikiwa na kifuniko na kile kizibo cha kutolea gesi kimechomekwa juu. Tutaipima ikiwa hivyo, na kizibo chake.
- Themomita mbili: moja ya kuning'inia chumbani, moja ya kubandika kwa ndoo (zile za stika za tanki la samaki zinafanya kazi poa sana).
- Tepu ya kupimia, ile ya fundi.
- Paketi ya hamira unayotumia, usiitupe, joto lake limeandikwa hapo.
- Daftari. Simu pia ni sawa lakini daftari likikaa juu ya ndoo hulisahau.
- Soketi nzuri yenye athi, isiyo karibu na maji.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha themomita yako inasema ukweli

Weka barafu nyingi kwa kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, subiri dakika tatu, chovya. Lazima isome 0 ama karibu sana. Ikisoma 2, andika kwa daftari kwamba inazidisha 2. Usiipime kwa maji yanayochemka ukitarajia 100, kwa sababu Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na maji hapa huchemka kwa digrii 94 hivi. Kuna mtu alirudisha themomita nzima dukani akisema ni mbovu, kumbe ni yeye alisahau anaishi mlimani.

2. Pima nyumba yako siku tatu

Saa kumi na mbili asubuhi, saa tisa alasiri, saa nne usiku. Pima mahali ndoo itakaa hasa, kwa sakafu, kwa kona, si kwa meza ya sebuleni. Nyumba mbili za ploti moja zinaweza kupishana vibaya, ya chini upande wa kivuli iko 20 na ya juu chini ya mabati iko 28 saa ile ile. Chukua namba ya juu kabisa uliyopata, ongeza 4, hiyo ndiyo bia yako itakavyokuwa siku ya pili.

Na ujue msimu. Februari na Machi ndiyo miezi mibaya, Juni mpaka Agosti Nairobi yenyewe inakuwa friji, usiku unaweza kushuka mpaka 11 ama 12 na hapo shida yako inageuka kuwa kupasha. Kipimo cha Julai kisikudanganye kwamba uko sawa mwaka mzima.

3. Amua ni bia gani unataka kutengeneza

Hapa ndipo pesa huamuliwa. Bia za eli (ale, zile zisizohitaji baridi kali) kwa kawaida zinataka 18 mpaka 22. Laga za kawaida zinataka 9 mpaka 13, halafu wiki kadhaa karibu na 0 za kutulia. Wengi wanaoanza wanataka kitu kama Tusker, na Tusker ni laga, imetengenezwa Ruaraka tangu miaka ya 1920 na watu wenye mitambo mikubwa ya baridi. Wewe na beseni hufiki hapo. Kama moyo wako uko kwa laga, ruka moja kwa moja hatua ya 7, friji huikwepi.

Lakini kuna njia ya katikati. Hamira ya laga ya unga inayoitwa W-34/70, watengenezaji wake wanasema 12 mpaka 18, na watu wengi wameifanya kwa 17 hivi ikatoka safi. Na upande wa pili kuna hamira ya kveik kutoka Norwei inayopenda 30 na zaidi, ukiipata nunua, hiyo Februari ya mabati inakuwa rafiki yako na huhitaji kupoza chochote. Kubadilisha hamira ni rahisi kuliko kununua mashine, fikiria hilo kwanza.

4. Linganisha namba mbili

Namba ya hatua ya 2 (nyumba jumlisha 4) toa namba unayotaka. Tofauti ikiwa 0 mpaka 4, beseni na fulana inatosha. Ikiwa 5 mpaka 8, nenda chupa za barafu. Ikizidi 8, ama unataka laga ya kweli, ama huna muda wa kushinda nyumbani ukibadilisha barafu, hapo ni friji na kontrola, kile kifaa cha kukata na kurudisha stima ya friji kulingana na joto.

Mfano: unaishi Kikuyu ama Ngong, nyumba haipiti 20, unataka eli ya 20. 24 toa 20 ni 4. Beseni. Usinunue friji, nunua kimea.

5. Beseni na fulana

Nimeitumia miaka miwili na bado naitumia kwa ndoo ya pili friji ikijaa. Weka ndoo ndani ya beseni pana, yale makubwa ya kufulia, jaza maji kimo cha sentimita 10 mpaka 15. Tafuta fulana kubwa ya pamba, Gikomba utapata, iloweshe, ivalishe ndoo kabisa, na pindo lake la chini lizame kwenye maji ya beseni. Kama pindo haligusi maji kazi imeisha, kwa sababu fulana ndiyo utambi, inavuta maji juu pole pole na maji yakikauka kwa kitambaa yanaondoka na joto. Weka kiganja baada ya saa moja: juu karibu na mabega ya ndoo bado ni pabichi na baridi, basi inavuta. Ukikuta pamekauka juu, fulana ni nailoni. Jezi ya mpira wa miguu haifai hata kama ni kubwa.

Elekeza feni kidogo kwa upande. Utashusha digrii 3 mpaka 5 siku kavu kama za Januari na Februari, ambazo kwa bahati nzuri ndizo siku unaihitaji. Mvua za Aprili ama Novemba zikinyesha hewa inajaa unyevu na njia hii inalegea, usishangae.

Makosa ninayoona: ndoo imewekwa dirishani eti ipate upepo, kumbe inapata jua, na jua linaharibu bia hata ikiwa baridi. Ekstensheni ya feni imelazwa sakafuni kando ya beseni, hii ni hatari ya kifo, ining'inize ukutani. Maji hayabadilishwi mpaka fulana inanuka, badilisha kila siku mbili na utie tone la Jik kwa beseni.

6. Chupa za barafu

Ni hiyo hiyo beseni lakini sasa tumia pipa ama ndoo kubwa ambayo maji yanafika karibu usawa wa bia. Gandisha chupa za plastiki za lita 1 na nusu, usizijaze mpaka juu, barafu hupanuka na itapasua chupa. Uwe na sita, tatu zikiwa kazini tatu ziko kwenye friza.

Hesabu yake iko hivi: chupa moja ya lita 1 na nusu ikiyeyuka yote inatoa baridi ya kutosha kushusha lita 40 (bia 20, maji ya pipa 20) kwa digrii 3. Kwa hivyo ukitumbukiza nne mara moja kwa hofu utashusha digrii 12 na hamira italala chini kabisa. Moja asubuhi kabla ya kazi, moja ama mbili jioni, angalia stika, andika. Ukizungushia pipa blanketi la zamani ama kipande cha godoro barafu inadumu zaidi.

Barafu haiingii ndani ya bia. Nasema kwa sababu nimeulizwa, zaidi ya mara moja.

7. Friji ya mtumba

Friji mpya si lazima. Mtumba unatosha, lakini uichague kwa macho yako, usitumiwe picha tu. Nenda na tepu na vipimo vya ndoo yako: upana, na urefu pamoja na kizibo cha gesi. Toa rafu zote, pima ndani kuanzia sakafu. Chini nyuma friji nyingi zina kile kinundu cha kompresa, na hapo ndipo watu hukwama, ndoo inaingia juu lakini chini haifiki nyuma na mlango haufungi. Pima ukiwa umefunga mlango kichwani mwako, kwa sababu mlango pia una vishikio vya chupa vinavyoingia ndani.

Halafu fanya majaribio haya hapo hapo dukani. Weka kipande cha karatasi kwa mpira wa mlango, funga, vuta. Ikitoka bila kukwama mpira umechoka, jaribu pembe zote nne. Iwashe ukae nusu saa ama zaidi, usione haya, kompresa inguruma pole bila kugonga na ndani iwe imeanza kuuma kwa baridi. Na hili la mwisho ndilo watu hulisahau: chomoa kwa soketi, subiri dakika tano, chomeka. Lazima iwake yenyewe bila kubonyeza chochote. Kontrola ya joto hufanya kazi kwa kukata stima na kurudisha, sasa friji ya vibonyezo na kioo cha namba inayotaka kuwashwa upya kila mara haitakufaa hata ikiwa nzuri vipi. Tafuta ya zamani yenye kitufe cha kuzungusha.

Ukiipeleka nyumbani isafirishwe ikiwa wima. Ikilazwa hata njiani tu, iache isimame saa kadhaa kabla ya kuwasha ili oili irudi mahali pake.

Friza ya kifuniko cha juu pia inafaa na inashika baridi vizuri, ila fikiria mgongo wako, ndoo iliyojaa ni kama kilo 22 na utainyanyua juu ya ukuta wa friza kisha uiteremshe. Kama huna mtu wa kukusaidia chukua ya mlango wa mbele. Zile friji ndogo za gari za kuchomeka kwa tundu la kuwashia sigara ziache kabisa, hazina nguvu ya lita 20. Na mitambo ya glaikoli (kimiminika baridi kinachozungushwa kupoza ndoo) yenye koili na pampu ni mizuri sana lakini ni ya mtu mwenye ndoo nne zinazochacha joto tofauti, wewe bado.

Usitoboe tundu popote kwenye kuta za friji kupitisha waya. Ndani mna mabomba ya gesi na huyaoni. Waya wa sensa ni mwembamba, upitishe kwa mpira wa mlango. Na barafu ikijaa usiikwangue na kisu.

Stima: kompresa ya wati 100 ikikimbia jumla ya saa 8 kwa siku inakula uniti 0.8, kwa wiki mbili ni uniti 11 hivi. Piga na bei ya tokeni zako uone.

8. Kontrola ya joto

Friji peke yake iko kwa digrii 4 na hiyo inalaza hamira. Kontrola inakaa katikati ya soketi na friji. Mbili zinazojulikana ni Inkbird ITC-308, ambayo unachomeka tu, na STC-1000, ambayo ni bei ya chini lakini lazima ifungwe waya. Pita Luthuli uulize, ama uagize, lakini soma nyuma imeandikwa volti ngapi. Za Marekani za volti 110 huuzwa pia na ukichomeka kwa stima yetu ya 240 imekwisha.

Ukichukua STC-1000 mtafute fundi wa stima. Mwambie hivi: 1 na 2 ni stima ya kuendesha kontrola, 3 na 4 ni sensa, 5 na 6 ni kupasha, 7 na 8 ni kupoza, na swichi za ndani hazitoi stima zenyewe, laivu lazima iletwe kwake. Watu wengi huona taa inawaka lakini friji haiwaki wakadhani wameuziwa mbovu, kumbe ni huo waya mmoja. Ifungwe ndani ya boksi la plastiki, isiachwe uchi.

Seti zake: F1 ni joto unalotaka, F2 ni tofauti, yaani joto likipishana na F1 kwa digrii ngapi ndipo iwashe (weka 1), F3 ni dakika za kupumzisha kompresa (weka 5 ama zaidi, usiweke 1, utaua kompresa), F4 ni kurekebisha sensa ikiwa barafu ya hatua ya 1 imeonyesha inakosea. Kitufe cha friji yenyewe zungusha mpaka baridi kabisa ili kontrola ndiyo iamue.

Sensa usiiache ining'inie hewani. Ibandike kwa ubavu wa ndoo, chini ya usawa wa bia, juu yake weka kipande kinene cha sponji ya kuoshea vyombo, halafu selotepu kuzunguka. Sponji inaizuia kusoma hewa ya friji, isome bia.

9. Jaribu na maji kabla ya bia

Jaza ndoo lita 20 za maji, weka kila kitu kama itakavyokuwa, acha siku mbili. Andika asubuhi na jioni. Kama kuna kosa la waya, mlango ama sensa, litajionyesha na maji ya mfereji. Hatua hii ndiyo watu huiruka zaidi, tafadhali usiiruke.

10. Siku ya bia yenyewe

Maji ya kimea yashushe mpaka digrii 1 ama 2 chini ya joto unalotaka kabla ya kutia hamira. Ukitia yakiwa 27 ukitumaini friji itashusha usiku, hamira itakuwa imeshaanza kazi kwa joto baya. Shikilia siku nne. Kuanzia ya tano ama povu likianza kushuka, acha eli ipande yenyewe digrii 2 hivi imalizie vizuri. Chumba kiwe na dirisha wazi, ndoo moja hutoa zaidi ya lita 350 za gesi ya kaboni dioksidi, na kama unalala kwenye bedsita hilo dirisha ni muhimu.

Mambo yakienda kombo

Kompresa inawaka na kuzima kila dakika chache: sensa imetoka kwa ndoo iko hewani, ama F2 ni ndogo sana.

Kontrola inasema 19 na stika ya ndoo inasema 23: amini stika kwanza. Mara nyingi sponji imeloa ama sensa iko juu ya usawa wa bia.

Maji ya kizibo yamevutwa ndani ya bia: ndoo imepoa ghafla na hewa ikarudi ndani. Kama ulikuwa umetia maji safi yaliyochemshwa hakuna neno. Unapotaka kushusha sana mwishoni, toa kizibo ufunike na kipande cha foili safi.

Julai haichachi kabisa: angalia joto, pengine ni 15. Toa kwa sakafu ya simiti, weka juu ya mbao, funika na shuka la Kimasai. Mwenye kontrola atumie upande wa kupasha na balbu, lakini balbu iwe ndani ya mkebe wa bati, mwanga usifike kwa bia.

Harufu ya siagi: mara nyingi ilipozwa mapema mno. Ipandishe mpaka 20 kwa siku tatu kisha uonje tena. Ile ya rangi ya kucha haiponi, na hapo sina dawa ya kukupa.

Stima imepotea: usifungue mlango wa friji. Lita 20 ndani ya friji iliyofungwa zinabadilika polepole, saa nne tano hazikutishi. Kama ni siku ya pili na inaonekana ni ya usiku kucha, tia chupa mbili za barafu pembeni ya ndoo haraka, ufunge. Ikirudi ikiwa inacheza cheza, chomoa, subiri itulie, gadi ya friji (kile kifaa cha kuikinga na stima inayopanda na kushuka) ikae katikati ya soketi na kontrola, halafu uandike kwa daftari ilipotea saa ngapi na bia ilifika digrii ngapi.